Maji Yatatokea Wapi? Mapambo ya Zamani Yanapogeuka Vyungu vya Kibarazani

Kabla sijatoa pambo lolote la zamani ndani ya nyumba na kulifanya chungu cha maua kibarazani, nalishika, naligeuza chini juu, na kujiuliza swali moja: maji yatatokea wapi? Rangi yake, umri wake, historia yake nyumbani, vyote hivyo navipenda, na ndivyo vinavyonizuia kulitupa. Lakini mmea hauishi kwa historia. Unataka mizizi yake ipate maji na hewa kwa pamoja, na chombo kilichotengenezwa kupamba sebule hakikuwahi kufikiriwa kwa kazi hiyo.

Mapambo ya ndani huzeeka kwa namna yake. Mengi hayachakai, bali macho ndiyo huyachoka. Vasi kubwa la kusimama sakafuni halina hata ufa, ila ukuta umepakwa rangi nyingine na lenyewe limekosa mahali. Taa ya kuning'inia imeshushwa na nyingine ikapandishwa. Kinara cha mishumaa kimesukumwa nyuma ya kabati, fremu za picha zimerundikwa chini ya kitanda. Hivi ni vitu vizima, na kuvitupa kunaniuma kweli. Kaure huchomwa kwenye tanuri kwa joto linalopita nyuzi 1,200, na ikishachomwa hairudi tena kuwa udongo wa kufinyangwa. Vigae vya vyungu vilivyovunjika karne nyingi zilizopita bado vinafukuliwa ardhini vikiwa vile vile. Chombo chenye uhai mrefu namna hiyo kinastahili kupewa kazi nyingine.

Kazi hiyo iwe ya kweli, lakini. Picha nyingi za mapambo yaliyogeuzwa vyungu hupigwa siku ile ile mmea ulipopandwa, na siku hiyo kila kitu hupendeza. Mimi navutiwa zaidi na chungu hicho baada ya miezi sita, majani yakiwa yamejaa na kuanza kuficha ukingo. Mmea ukifa, kilichofanyika ni kuhamisha pambo lisilo na kazi kutoka ndani kwenda nje. Ndiyo maana nitasema mengi kuhusu maji kuliko kuhusu rangi na brashi.

Tuanze na ushauri unaorudiwa kila mahali, kwamba chombo kisicho na tundu kiwekwe kokoto chini ili maji ya ziada yajikusanye humo na kuuacha udongo mkavu. Unasikika wa busara, lakini maji hayafanyi hivyo. Udongo una vitundu vidogo mno kati ya chembe zake, na vitundu hivyo hushikilia maji. Kokoto zina nafasi pana zisizoweza kuyavuta. Kwa hiyo maji yanaposhuka na kufika pale udongo unapokutana na kokoto, husimama hapo hapo juu, na hayadondoki mpaka udongo wa mpakani uwe umeshiba kabisa. Tabaka la matope ambalo lingekaa chini ya chungu sasa linakaa juu ya kokoto, yaani karibu zaidi na mizizi. Umepunguza nafasi ya mizizi na hujapunguza unyevu hata kidogo.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, chukua sifongo la kuoshea lenye umbo la tofali, lilowanishe mpaka lishibe, kisha lishike likiwa limelala. Litadondosha maji kwa muda, halafu litaacha. Sasa lisimamishe wima bila kulikamua. Litaanza kudondosha tena. Sifongo ni lile lile na ukubwa wake haujabadilika, kilichobadilika ni urefu wa kwenda juu. Udongo ndani ya chungu una tabia hiyo hiyo: chini kabisa hubaki kitako cha maji ambacho kimo chake kinategemea aina ya udongo, si ukubwa wa chungu. Katika chombo kirefu kitako hicho ni sehemu ndogo tu na mizizi ina nafasi kubwa ya kupumua juu yake. Katika chombo kifupi, kitako kinaweza kula karibu kina chote.

Tangu nilipoelewa hilo, nayatazama mapambo kwa jicho jingine. Chombo cha kusimamishia miavuli, ambacho wengi hawakifikirii kabisa, ni chungu bora kuliko bakuli pana la mezani linalovutia kila mtu. Kirefu, kipana kiasi mdomoni, na kimetengenezwa kikijua kwamba maji yatakidondokea. Sinia la shaba linapendeza sana likijazwa mimea, lakini kwa kina cha vidole viwili linafaa kwa mimea michache tu yenye majani manene, kama sedamu, inayoishi kwenye udongo mwembamba wenye changarawe nyingi. Ukipanda humo kitu chenye kiu, utakuwa unamwagilia asubuhi na jioni, na bado mizizi itaoza.

Basi tundu ni lazima, na hapa ndipo watu wengi huogopa. Kutoboa kaure kunatisha, lakini ni kazi ya subira kuliko ya nguvu. Kwa kaure na udongo uliopakwa rangi ya kung'aa, tumia biti (ile ncha ya kutobolea inayofungwa kwenye drili) ya duara yenye chembe za almasi, iliyo wazi katikati. Drili iwe ya betri, kwa sababu utatumia maji, na maji na waya wa umeme havikai pamoja. Zima kabisa ule mtikiso wa kugonga uliowekwa kwa ajili ya zege, maana ndio unaopasua vyombo. Geuza chombo juu ya taulo lililokunjwa au ndani ya beseni la mchanga ili kisiyumbe, bandika utepe wa karatasi mahali pa kutoboa, kisha anza ukiwa umeinamisha biti kidogo mpaka ichore mwezi mchanga kwenye ngozi ya chombo. Hapo isimamishe polepole mpaka iwe wima. Mwendo uwe wa taratibu, maji yadondoke pale pale muda wote ili pasipate moto, na mkono usisukume. Uzito wa drili wenyewe unatosha. Ukihisi inakaribia kupenya, legeza zaidi, kwani vipande hubanduka upande wa ndani wakati wa kumalizia. Vaa miwani ya kukinga macho hata kama tundu ni dogo.

Chungu cha udongo usiopakwa kitu ni laini zaidi. Kiloweke kwenye maji usiku kucha, na biti ya kawaida ya matofali itapita. Chuma na shaba huanza kwa kishimo kidogo cha msumari na nyundo, ili biti isiteleze na kukwaruza kila mahali, kisha kingo za tundu hupakwa rangi ya kuzuia kutu. Kioo kinatobolewa kama kaure, isipokuwa kile kigumu kilichopitishwa kwenye joto maalumu, kama cha baadhi ya meza. Hicho hakitobolewi kwa namna yoyote. Kikiguswa na biti kinasambaratika chote kuwa punje. Ukiwa na shaka, kiache.

Tundu moja la upana wa kidole linatosha kwa chombo kidogo. Kikubwa nakipa matatu au manne. Juu ya tundu naweka kipande cha wavu wa dirisha kuzuia udongo usitoke, basi. Kigae kilichokuwa kikiwekwa zamani hakisaidii maji kutoka, na kikikaa vibaya kinaziba.

Lakini si kila kitu kinapaswa kutobolewa, na hili nalisema kwa msisitizo. Kuna vasi ambalo ni kazi ya mikono ya fundi, lina alama yake chini, na huenda kesho mtu mwingine katika familia akalitaka lirudi mezani. Tundu halifutiki. Kwa vyombo vya aina hiyo natumia njia ambayo kusema kweli naipenda kuliko zote: chungu ndani ya chungu. Mmea unakaa katika kopo la plastiki lenye matundu, na kopo linaingizwa ndani ya pambo. Wakati wa kumwagilia unalitoa, unalimwagilia pembeni, unaliacha lidondoshe mpaka likome, halafu unalirudisha. Pambo halipati doa la chumvi wala kutu, na mmea ukichoka kivuli unauhamisha na kuweka mwingine. Chini ya kopo weka kitu cha kuliinua kidogo, kifuniko kilichopinduliwa kwa mfano, ili lisikalie maji yaliyobaki.

Njia hiyo pia inaondoa tatizo la shingo nyembamba. Chombo chenye tumbo kubwa na mdomo mdogo kinashawishi sana. Ila mizizi ikishalijaza lile tumbo, huna namna ya kuutoa mmea bila kukata mizizi au kuvunja chombo. Chombo kama hicho kipe kopo dogo linalokaa mdomoni tu, lenye mmea unaotiririka kama klorofitamu, ule wenye majani membamba ya mistari na vichipukizi vinavyoning'inia. Majani yanashuka kulifunika tumbo, na hakuna anayejua kwamba ndani ni patupu. Sehemu hiyo tupu nayo ina faida. Pitisha uzi mnene wa nailoni kutoka chini ya kopo mpaka kwenye maji kidogo yaliyo chini ya tumbo, na maji yatapanda yenyewe kwenye uzi kadiri udongo unavyokauka. Nguvu inayoshikilia kitako cha maji kwenye sifongo ndiyo hiyo hiyo inayofanya kazi hapa, safari hii kwa faida yako.

Hayo maji ya chini, hata hivyo, yananifikisha kwenye jambo ambalo sioni likisemwa vya kutosha. Kibaraza chenye vyungu vingi vinavyotunza maji kinaweza kuwa kiwanda cha mbu. Aedes aegypti, mbu anayeeneza dengi, chikungunya, Zika na homa ya manjano, hahitaji bwawa wala mtaro. Anapenda hasa vyombo vidogo vya karibu na watu: kisahani cha chini ya chungu, mdomo wa vasi, kikombe cha kinara kilichojaa maji ya mvua. Jike hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji yapande tena. Penye joto, kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10.

Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mara moja kwa wiki visahani vyote vimwagwe na kuta zake zisuguliwe kwa brashi, kwani mayai yameshikamana nazo. Chombo cha njia ya uzi kizibwe mdomoni kwa kitambaa au wavu mwembamba, ubakie mwanya wa kupitisha uzi tu. Na pambo lolote la nje lisilo na mmea ndani yake, lakini linaloweza kukinga mvua, ligeuzwe kifudifudi au litobolewe. Napenda kibaraza changu kiwe mahali pa kukaa jioni, na hapatakuwa hivyo kwa kulipa kwa homa.

Sumu nazo zisipuuzwe. Rangi za zamani za samani na mapambo mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, nchi nyingine zilifanya hivyo miaka tofauti, na zipo ambazo hazijafanya. Ukikuta droo au kinara cha mbao cha zamani chenye rangi inayobanduka kwa magamba, na hujui umri wake, kichukulie kwamba kina risasi. Usipige msasa mkavu, kwa sababu vumbi lake ndilo hatari kubwa, hasa kwa watoto wadogo wanaotambaa na kuweka mikono mdomoni. Lowanisha kwanza, vaa barakoa inayochuja vumbi, au acha rangi ilivyo na uifunike kwa vanishi mpya. Rangi za kung'aa za vyombo vya kaure vya zamani nazo huweza kuwa na risasi. Ndiyo maana mnanaa, mrehani na chochote kitakacholiwa sikipandi humo. Maua tu.

Saa za zamani zinahitaji neno lake, maana kasha la saa ya mezani ni kishawishi kikubwa: dogo, la mbao nzuri, lina mlango wa kioo. Kama namba na mikono yake ilitengenezwa ing'ae gizani, na saa ni ya kati ya miaka ya 1910 na 1960, rangi hiyo inaweza kuwa na radiamu, madini yenye mionzi hatari. Kutong'aa leo si ushahidi wa usalama. Kinachochakaa ni ile kemikali iliyokuwa ikitoa mwanga, ilhali radiamu yenyewe huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Saa ya namna hiyo usiifungue, usiisugue, usiigeuze chungu. Iache na kioo chake.

Shaba nyekundu na shaba ya njano si hatari kwako kwa kuigusa, bali ni kwa mizizi. Ncha ya mzizi ikikutana na shaba husimama kukua. Wenye vitalu wameutumia ukweli huo kwa kupaka ndani ya makopo dawa zenye shaba, ili mizizi isizunguke zunguke ukutani. Ndani ya pambo la shaba tupu, lenye udongo mchachu na mbolea, kiasi kinaweza kuzidi. Hapa tena, chungu ndani ya chungu.

Baada ya hayo yote, sasa raha yenyewe.

Kofia ya taa ya mezani, kitambaa chake kikishaoza, huacha mifupa ya waya yenye umbo zuri ajabu. Igeuze, mdomo mpana uwe juu, itandike ndani kwa mkeka wa makumbi ya nazi, jaza udongo, na una kikapu cha kuning'iniza. Mkeka huo hupitisha maji na hewa kila upande, kwa hiyo hakuna hofu ya kuoza, isipokuwa hukauka haraka, hasa penye upepo. Ndani ya mkeka natandika kipande cha plastiki chenye matundu kufunika nusu ya chini tu, ili unyevu udumu kidogo.

Taa ya kuning'inia yenye matawi ni kubwa zaidi kwa kila hali. Kwanza iondolewe waya zote za umeme, zote, asije mtu siku moja akadhani bado ni taa. Vikombe vilivyokuwa vikishika balbu vinabeba vikopo vidogo vya mimea ya majani manene. Isiwe mizito, na uwiano wa kila upande uzingatiwe, kwani tawi moja likielemewa taa yote huinama. Ining'inizwe kwenye boriti au chuma kilichoshikwa vizuri. Dari jepesi la bodi halitafaa. Kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja, na udongo mwepesi wa vyungu ukishalowa hukaribia hapo kwa kila lita. Chombo cha lita 40 kibarazani ghorofani ni karibu uzito wa mtoto wa shule. Vikiwa kumi, ulizia uwezo wa sakafu kwanza, na panga vile vizito karibu na kuta, si kwenye ncha ya ukingo.

Fremu ya picha ndiyo inayowashangaza wageni wangu. Nyuma yake unagongomea kisanduku cha mbao chenye kina cha kiganja, mbele unafunga wavu wa waya, unajaza udongo wenye changarawe, na kuchomeka vipandikizi vya sedamu na ekeveria, mmea mwingine wa majani manene, kwenye vitundu vya wavu mpaka pajae. Kisha unafanya kitu kigumu kuliko vyote, ambacho ni kusubiri. Fremu ilale chali kwa wiki kadhaa mpaka mizizi ishikane na kuushika udongo. Ikisimamishwa mapema, udongo unateremka na mimea inafuata. Hata baadaye, wakati wa kumwagilia ishushe uilaze, maji yaingie sawasawa, kisha uirudishe ukutani ikishadondosha.

Droo za kabati zinavutia kwa sababu tayari ni masanduku, ila tazama ukingo wake kabla ya kujisumbua. Ukiona nyuzi za mti au tabaka za plaiwudi, endelea. Ukiona unga wa mbao uliogandishwa, hiyo ikilowa itavimba kama mkate na kuachia pembe zake zote. Droo ya mbao halisi ipakwe mafuta ya kitani ndani na nje, itandikwe plastiki iliyotobolewa chini, na iinuliwe juu ya vigingi vya unene wa kidole ili hewa ipite chini yake. Matambaa uliyopakia mafuta hayo usiyafinyange na kuyatupa pipani. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjamana kinaweza kujiwasha chenyewe. Yatandaze nje yakauke yakiwa wazi.

Vikapu havidumu, na hilo halinisumbui. Kilichosukwa kwa ukindu au miwaa, kikitandikwa plastiki na kuwekwa chini ya paa, hutumika msimu mmoja au miwili, kisha kinakatwakatwa na kuingia kwenye mboji.

Fanusi za kioo na masanduku ya vioo nayaweka kando kwa mimea ya kangaga, na hapa kuna hadithi ninayoipenda. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, aliweka pupa wa nondo, yaani nondo ambaye bado yumo ndani ya ganda lake, kwenye chupa iliyofungwa akisubiri nondo atoke. Kwenye udongo unyevu wa chupa ile likachipua kangaga, mmea ambao ulikuwa ukimfia bustanini kwa moshi wa jiji. Ward akatambua kwamba ndani ya kioo maji yanayopanda kama mvuke hurudi chini kama matone, na mmea unaweza kuishi kwa unyevu ule ule muda mrefu. Mwaka 1833 masanduku yake ya vioo yalisafirishwa baharini mpaka Australia yakiwa na mimea hai, na baadaye yakabeba mimea ya biashara kati ya mabara. Fanusi yako inaweza kufanya kazi ile ile kwa udogo wake, ila tu kivulini. Kioo kilichofungwa kikipigwa na jua la moja kwa moja hupika kilichomo. Jua hilo hilo huathiri pia vyombo vya chuma vyeusi: ukuta wake hupata moto, na mizizi ya upande huo huungua kwanza. Vyombo hivyo viweke panapopata jua la asubuhi peke yake, au vifichwe nyuma ya vingine.

Udongo, kwa kifupi. Usichote wa bustanini peke yake. Chembe zake laini hushindiliana chunguni, vitundu vya hewa vinakufa, na kile kitako cha maji kinapanda juu. Mimi nachanganya mboji iliyoiva, makumbi ya nazi yaliyosagwa, na mchanga mkubwa au perlaiti (zile punje nyeupe nyepesi za kupitisha hewa), nikizidisha mchanga kwa mimea ya majani manene na kuzidisha makumbi kwa kangaga. Ukiufinya mkononi ushikane, ukiugusa kwa kidole umeguke.

Kuhusu rangi za nje za vyombo nina msimamo mmoja: sipendi kuvipaka upya vyote vifanane. Mikwaruzo ya kinara, rangi iliyofifia upande mmoja wa vasi kwa sababu lilikaa miaka dirishani, hizo ndizo sababu za kukitumia chombo hicho badala ya kipya. Napaka pale tu rangi inapolinda, kwenye chuma kinachoanza kutu na mbao zitakazopigwa na mvua. Mengine nayaacha yaonyeshe yalikotoka. Na kila mara naweka pamoja vile vilivyokaa pamoja ndani: vasi karibu na kinara chake, kinara kikiwa sasa kimebandikwa sahani juu kwa gundi ya epoksi na kubeba kopo dogo la mshubiri.

Mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu wa kukua haujaanza, nainua kila chungu na kuchungulia chini. Mizizi ikiwa imetokeza kwenye tundu, mmea unataka chombo kikubwa zaidi, na kile kidogo kinasafishwa kwa brashi, utando mweupe wa chumvi unaondolewa kwa siki na maji, na kinasubiri mgeni mwingine. Tundu likiwa limezibwa na udongo nalizibua kwa kijiti. Chombo kilichopata ufa nakifunga waya na kukihamishia mmea mwepesi usiopenda maji mengi, kwani ufa nao ni njia ya maji kutokea.